Maswali yenu kuhusu mishumaa ya vipisi: nusu yake mwenye kosa ni utambi

Tangu niliposema kwangu mishumaa sinunui, nayeyusha vipisi vilivyobaki namimina kwenye makopo, maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, mengine yanafanana nimeyaunganisha. Na niseme mapema, nilipoyasoma yote kwa mpigo nikagundua watu wengi wanailaumu nta wakati mwenye kosa ni utambi. Mtaona wenyewe.

"Mi mgeni kabisa, nina vipisi vya mishumaa vimejaa mfuko wa rambo, naanzia wapi?" (dada wa Mwanza)

Kwanza huo mfuko wa rambo umeutoa wapi dada, si ilipigwa marufuku tangu 2019? Haya tuendelee. Mwaga vipisi vyote kwenye gazeti uchambue, toa njiti za kiberiti, toa tambi zilizoungua, alafu vyeupe weka kivyake na vya rangi kivyake, maana ukichanganya nyekundu na kijani na bluu hupati rangi ya upinde wa mvua, unapata rangi ya tope. Mi vipisi vyangu vingi napewa parokiani baada ya mkesha wa Pasaka, ile mishumaa midogo ya waumini inawaka nusu saa tu basi, inayobaki ilikuwa inatupwa.

Chukua kopo la maziwa ya unga, libane mdomo kwa koleo upande mmoja upate kamdomo ka kumiminia. Weka nta humo. Sasa kopo LISIKAE juu ya moto, likae ndani ya sufuria yenye maji yanayofika kama nusu ya kopo, chini yake tanguliza kitambaa kilichokunjwa ili lisigongegonge. Nta ya mishumaa ya dukani inayeyuka kwenye nyuzijoto 50 na kitu hadi 60 na kitu, maji yakichemka ni 100, kwa hiyo joto la maji linatosha na kubaki, huna haja ya moto mkali. Ikishayeyuka chuja na chujio la chai la zamani, na hilo chujio liage jikoni moja kwa moja, halirudi kwenye chai.

Ukitaka kujua nta kiasi gani itajaza glasi yako, jaza glasi maji, pima ni mililita ngapi, zidisha kwa 0.9. Glasi ya mililita 200 inakula gramu kama 180. Alafu ifute ikauke kabisa kabla hujamimina nta.

"Nimetumia uzi wa kufumia, mshumaa unawaka dakika moja unazima wenyewe. Nta yangu mbovu?" (na wengine kama sita hivi waliouliza hilohilo)

Nta yako nzima. Uzi wa kufumia mwingi wa madukani ni plastiki tu iliyosokotwa ikafanana na sufu. Kata kipande, kiwashe na kiberiti uangalie: ikiungua ikaacha majivu mepesi yanayopukutika ukiyagusa, hiyo pamba. Ikijikunja ikawa kishanga cheusi kigumu, hiyo nailoni au jamaa zake, haifai. Kamba za viatu nyingi zinafeli hapohapo.

Zinazofaa: nyuzi za mopu ya pamba iliyochoka (ifue kwanza jamani), fulana kuukuu ya pamba tupu ukiikata vipande vyembamba ukasuka vitatu vitatu kama nywele, na ninayoipenda kuliko zote ni tambi za jiko la mchina, zile za mafuta ya taa, unanunua mpya sokoni unachomoa nyuzi zake unasokota unene unaoutaka. Mpya nimesema, sio zile zilizokwisha kunywa mafuta ya taa. Kamba ya katani nilijaribu, inatoa moshi kama unachoma takataka.

Sasa hapa ndio wengi wanaparuka. Utambi lazima unywe nta KABLA haujaingia kwenye kopo. Uzamishe kwenye nta iliyoyeyuka, utaona vipovu vidogodogo vinapanda, hiyo ni hewa inatoka, subiri viishe kabisa, alafu utoe uunyooshe kwa vidole ukiwa bado wa moto kidogo, ulaze kwenye karatasi ya kaki. Ukipoa unakuwa mgumu kama kijiti cha ufagio. Utambi mkavu ukiuwasha unaungua wenyewe mpaka chini ukazima, kwa sababu kinachowaka kwenye mshumaa hasa ni mvuke wa nta, utambi ni bomba la kuipandisha tu. Huamini? Zima mshumaa, ule moshi mweupe unaopanda usogezee kiberiti kinachowaka, moto utaruka kurudi kwenye utambi bila wewe kuugusa. Wanangu wanapenda hiyo kuliko katuni.

Kuusimamisha tumia kizibo cha soda. Bandua ule mpira wa ndani, toboa katikati kwa msumari, pitisha utambi, funga fundo chini, kibonyeze kikae sakafuni mwa kopo. Juu funga kwenye kijiti cha mshikaki kilicholala mdomoni mwa kopo. Basi umesimama wima.

"Wangu unawaka lakini unachimba shimo katikati, nta ya pembeni inabaki hivyohivyo." (kaka wa Nakuru)

Mawili. Moja, utambi mwembamba kwa kopo pana. Glasi ndogo ya kahawa inataka uzi wa unene wa kijiti cha kiberiti, kopo la upana wa kiganja weka tambi mbili au tatu badala ya moja nene. Ukiona kinyume chake, moto mrefu unachezacheza, masizi, na utambi unaota kichwa cheusi kama uyoga, hapo umezidisha unene, au hujaukata. Kabla ya kuwasha kila mara ukate ubaki nusu sentimita.

Mbili, kaka yangu, siku ya kwanza uliuwasha dakika ngapi? Mshumaa una kumbukumbu. Kama mara ya kwanza hukuuacha mpaka nta ikayeyuka hadi ukingoni, shimo litafuata palepale siku zote. Hesabu saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana. Ulioharibika unaokolewa hivi: zungushia foili juu ya kopo kama kofia, acha tundu katikati moto upumue, joto litabaki ndani na kuta zitaporomoka zenyewe.

Lile bonde dogo linalotokea juu nta ikishaganda sio kosa lako, nta inasinyaa ikipoa. Bakiza kidogo, ukiona bonde ongezea.

"Nilikuwa nayeyusha moja kwa moja kwenye jiko la gesi, ikashika moto, mume wangu akamwagia maji. Tumepona lakini dari limeungua. Kwa nini ilikuwa vile?" (mama wa Mbeya)

Pole sana mama, na mpe pole baba, mi mwenyewe ningefanya hivyohivyo enzi zile. Mwaka wa kwanza nilibandika kopo juu ya mkaa nikaenda kupokea simu, kurudi moshi mweupe umejaa uani na kopo linawaka. Kilichoniokoa ni kwamba karibu yangu palikuwa na kifuniko cha sufuria, maji yalikuwa mbali.

Maji ni mazito kuliko nta. Ukiyamwaga hayakai juu kuuzima moto, yanazama chini kwenye nta yenye joto kali kuliko la maji kuchemka, yanageuka mvuke palepale, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,500 ya maji uliyomwaga. Huo mvuke unapotoka unairusha nta inayowaka juu kama bomu. Ndio hilo dari.

Nta ikishika moto: zima jiko, funika kwa kifuniko cha chuma, ondoka usikifunue mpaka ipoe kabisa. Baking soda nyingi ya kutosha inasaidia kwa moto mdogo. Usilibebe kopo kukimbia nalo nje, utajimwagia. Na ukiona nta inatoa moshi hata kama haijawaka, imeshapitiliza, toa motoni. Ukitumia sufuria ya maji ninayoisema kila siku hufiki huko, mradi maji yasikauke, kwa hiyo simu iache iite.

Nta ikikumwagikia mkononi weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, usibandue iliyoganda kwenye ngozi kwa nguvu, na dawa ya meno ibaki kwenye meno. Kama malengelenge makubwa au ni usoni nenda hospitali.

"Mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga naweza kutengenezea mshumaa?" (msomaji wa Kigamboni)

Mshumaa wa kusimama hapana, ila taa nzuri sana. Majirani zetu Wahindi siku ya Diwali si mnaona vile vibakuli vya udongo vyenye mafuta na kautambi ka pamba, ni kitu kilekile.

Chuja mafuta kwa kitambaa. Chukua glasi nene, jaza maji mpaka nusu, juu yake mimina mafuta kidole kimoja, yataelea. Kata kiduara cha foili, kikunje kingo kama sahani, toboa, pitisha uzi wa pamba utokeze juu milimita chache tu, kiache kielee. Milimita chache tu kwa sababu mafuta ya kula ni mazito, hayapandi utambi mrefu kama mafuta ya taa kwenye koroboi. Uzuri wake mafuta yakiisha maji yanazima moto yenyewe. Mafuta ya kula pia hayashiki moto kirahisi yakimwagika, tofauti kabisa na mafuta ya taa. Na msijaribu kuongezea mafuta ya taa kwenye nta wala kwenye hii taa "iwake vizuri", kuna mtu ameniuliza hilo, nimeshtuka.

Onyo moja: mafuta yaliyokaangia samaki usitumie. Nilitumia siku moja umeme umekatika na wageni wapo, sebule nzima ikanuka kama soko la samaki la Feri.

Aliyeuliza kuhusu siagi ya mkate: ina maji ndani, itarukaruka na kupasuapasua. Mafuta magumu ya kupikia yanafaa, unachomeka utambi kwenye kopo lake basi.

"Krayoni kwa rangi? Pafyumu kwa harufu?"

Krayoni, kipande kama ukucha kwenye kikombe cha nta, usizidishe, unga wa rangi unaziba utambi. Pafyumu hapana kabisa, ina spiriti. Tumia mafuta ya karafuu au mchaichai, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 100, weka nta ikishatoka motoni. Na mnaotegemea mchaichai ufukuze mbu, unanukia vizuri, ila chandarua hakishuki cheo. Mshumaa na chandarua visikae chumba kimoja mkiwa mmelala, hilo sibishani na mtu.

"Glasi yangu ilipasuka mshumaa ukiwa unawaka. Na kifuu cha nazi je?" (msomaji wa Mombasa)

Glasi nyembamba za juisi hazifai, tumia ya jemu au kikombe cha udongo, ipashe kwa maji ya moto uikaushe kabla ya kumimina. Na zima ikibaki sentimita moja ya nta, usisubiri utambi uguse kitako, hapo ndipo zinapopasuka. Kifuu kinapendeza mno ila kumbukeni kule Pwani kifuu ni kuni! Utambi ukae katikati kabisa, chini usifike, na kiweke kwenye sahani. Mi vya kifuu nawasha nikiwa nimekaa hapo hapo.

"Watoto wapo likizo, kuna wa mapambo tunaoweza kufanya pamoja?"

Upo mmoja. Chukua boksi la maziwa, lifungue juu, simamisha katikati mshumaa mwembamba wa dukani, huo ndio utambi wenu. Watoto wajaze barafu iliyopondwa pembeni. Wewe, sio watoto, mimina nta. Barafu inaigandisha ghafla kabla haijashuka vizuri, alafu yenyewe inayeyuka inaacha mapango. Baada ya saa moja toboa boksi maji yatoke, chana karatasi. Unapata mshumaa wenye matundu kama matumbawe, hakuna mbili zinazofanana, na watagombana wa nani mzuri.

"Nta imemwagikia kanga mpya na nyingine nilimwaga kwenye sinki, sasa maji hayaendi." (binti wa Morogoro)

Kanga kwanza: iweke friza saa moja, nta itakuwa kavu, ikwangue kwa ukucha au kijiko. Doa la mafuta litakalobaki liweke katikati ya karatasi mbili za kaki, pitisha pasi ya moto, karatasi itanyonya, badilisha karatasi mpaka isichafuke tena, ndipo ufue.

Sinki mwaga maji ya moto sana na sabuni ya kuoshea vyombo, rudia mara mbili tatu, ukibahatika itasogea, ila ikisogea inaweza kuganda mbele zaidi kwa hiyo bora ufungue ile kona ya bomba chini ya sinki uitoe kwa mkono, weka ndoo kwanza. Na hiyo nta utakayoitoa usiitupe, ikaushe, iyeyushe, uichuje.