Mama yupo kwenye simu, nesi yupo mlangoni: maswali yenu kuhusu kulea ugenini

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wanaolea mbali na kwao, nikazisoma mpaka usiku. Nimechagua nne, majina nimeyaweka pembeni.

Shangazi shikamoo. Nipo Uholanzi, nimejifungua wiki tatu zilizopita mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Siku nane za mwanzo alikuwa anakuja nesi nyumbani, ananiangalia mshono, anampima mtoto joto, mpaka chai ananichemshia, halafu siku zake zikaisha akaondoka, sasa mchana kutwa nipo mwenyewe mume yuko kazini. Mama yangu anapiga vidio kila asubuhi anataka aone mtoto kavaa kofia na soksi, anasema nisitoke ndani mpaka arobaini iishe na nijikande maji ya moto. Nesi alisema nifungue dirisha na kofia ya ndani ya nyumba nimvue. Nikimsikiliza nesi mama analia, nikimsikiliza mama naogopa mtoto atazidiwa na joto. Saa zingine nazima simu nakaa chini bafuni nalia na hata sijui nalia nini. Namsikiliza nani?

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kujifungua salama.

Naanza na hilo la bafuni kwa sababu umeliandika mwisho kama kitu kidogo na sio kidogo. Siku za mwanzo baada ya kujifungua wanawake wengi sana wanalia ovyo, homoni zinashuka ghafla, usingizi hamna, maziwa ndo yanaingia, na kwa kawaida ndani ya wiki mbili hali hiyo inapita yenyewe. Wewe uko wiki ya tatu na bado unalia peke yako. Sisemi una ugonjwa, ila nasema wiki hii hii mpigie mkunga wako au daktari wako wa familia umwambie sentensi hiyo hiyo uliyoniandikia mimi, usiipunguze. Kuna dodoso la maswali kumi lilitungwa Edinburgh, limeanza kutumika mwaka 1987 na leo linatumika nchi nyingi, linamsaidia daktari kujua kama huzuni ya mzazi imevuka mpaka. Kama umefika mahali unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto basi usisubiri hata kesho, mwamshe mume, piga simu ya dharura.

Sasa mama na nesi. Mimi nakuambia hawa wawili wanagombania kitu kimoja. Hebu kumbuka, huyo nesi siku za mwanzo hakukuwekea chupa ya maji moto kwenye kitanda cha mtoto? Uholanzi wanazo za chuma kabisa, zinavishwa mfuko wa kitambaa na kuwekwa mbali kidogo na mwili wa mtoto ili kitanda kipate joto. Maana yake na wao wanaiogopa baridi ya kichanga kama mama yako anavyoiogopa! Tofauti ni kwamba nesi anapima, anatia mkono nyuma ya shingo ya mtoto, pakiwa na jasho anapunguza nguo, pakiwa pa baridi anaongeza. Mfundishe mama hilo kwenye vidio, weka mkono wako shingoni kwa mtoto akiona, mwambie mama nimeshika hapa pana joto zuri, kofia naivua. Atalia mara mbili tatu halafu atazoea kukuuliza shingo ikoje.

Kwa hiyo gawa hivi: usalama wa mtoto, yaani joto, jinsi anavyolala, anachokula, hapo fuata walio karibu na wewe wanaomwona na kumpima. Mapumziko yako wewe, hapo mama yako ana haki kabisa na usimdharau. Wachina wana mwezi mzima wa mzazi kukaa ndani, maji baridi hagusi, na wenye uwezo wanaajiri mwanamke maalumu wa kumhudumia. Nchi za Amerika ya Kusini na Kati wana siku arobaini kama hizo zenu. Wajapani wengi wanarudi kwa mama zao kujifungulia huko na wanakaa kama mwezi baada ya hapo. Kwa Waigbo wa Nigeria bibi ndo anafunga safari kuja kwa binti. Watu hawa hawakukaa kikao kimoja wakapatana, ni kwamba kila mahali waliona mzazi akiachwa mwenyewe anaumia. Hao Waholanzi nao ndo maana wamekupa zile siku nane.

Mawili tu nirekebishe kwenye arobaini ya mama. Kukaa ndani sawa, kulala kitandani kutwa hapana, mzazi asipotembea damu inaweza kuganda miguuni, tembea tembea ndani ya nyumba. Na maji ya moto sana usipeleke kwenye mshono, unaungua na kidonda kinachelewa, ya uvuguvugu yanatosha. Na ukiona damu inazidi kiasi cha kulowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au homa, au mguu mmoja unavimba na kuuma, hapo huulizi mama wala shangazi, unaenda hospitali.

Unachokosa ni mikono ya kukusaidia. Nesi kaondoka, mama yuko kwenye kioo, mume kazini. Mwambie mume aombe ruhusa ya kuchelewa kutoka asubuhi wiki chache umalize kuoga na kula. Na jirani yeyote aliyekuletea kadi ya hongera mwambie leo njoo umshike mtoto nusu saa nilale. Wengi wanatamani kuombwa, wanaogopa tu kuingilia.

Habari mwandishi. Binti yangu anajifungua Marekani, nimepata viza naenda kumwangalia. Lakini tayari ananipa masharti kwenye simu, mtoto asilazwe kifudifudi, asipewe maji, mimi nimelea sita wote wazima na wote nimewalaza kifudifudi. Naona kama nadharauliwa.

Shikamoo mama. Sita wazima, Mungu akuzidishie, na sikuambii ulikosea, maana enzi zile madaktari wengi wenyewe ndo walikuwa wanasema mtoto alale kifudifudi asije akapaliwa na matapishi. Kilichobadilika ni kwamba watafiti walikuja kugundua watoto wanaolala kifudifudi ndo wanaokutwa wamefariki usingizini bila sababu kuonekana zaidi ya wanaolala chali. Marekani wakaanza kampeni mwaka 1994 kuwaambia wazazi walaze chali, na vifo vile vikashuka kwa karibu nusu ndani ya miaka michache. Basi binti yako akisema chali hakudharau wewe, anarudia alichoambiwa kliniki kama wewe ulivyorudia ulichoambiwa na nesi wa wakati wako. Akiwa macho na wewe upo unamwangalia, mlaze kifudifudi hata mapajani pako, hiyo inamkomaza shingo na hapo ujuzi wako utatumika.

Maji, ni kweli mama, mpaka miezi sita maziwa peke yake, hata kukiwa na joto, maana maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji tayari. Na asali usimlambishe kabisa kabla ya mwaka, kuna vijidudu utumbo wa kichanga hauwezi kuvishinda.

Ila nikuulize wewe kitu, umemuuliza binti anarudi kazini lini? Sheria ya nchi nzima ya Marekani, ile ya mwaka 1993, inampa mtu wiki 12 za likizo na haisemi alipwe, na hata hiyo ni kwa kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50. Majimbo kadhaa yana utaratibu wao wa malipo lakini sio yote. Wapo wanaorudi kazini mshono haujapoa. Ukifika, acha kwanza habari za kifudifudi, muulize tarehe hiyo, halafu mpange nani anaamka saa nane usiku.

Shangazi eti Denmark wanalaza watoto nje kwenye baridi na wao wako ndani wanakunywa kahawa, ni kweli au watu wanazusha?

Kweli kabisa, na Norway, Sweden, Finland vile vile. Mtoto anafungwa vizuri ndani ya kigari chake na duvee, anawekwa nje ya dirisha au barazani, wanaamini hewa baridi inampa usingizi mzuri, na wanachungulia. Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alifanya hivyo hivyo New York, akaacha kigari nje ya mgahawa yeye kakaa ndani karibu na dirisha, polisi wakamkamata na mtoto wakamchukua siku nne. Denmark watu walishtuka, wanauliza kosa liko wapi. New York nao wanauliza mama gani huyu. Wewe mwenye kuhama nchi na kichanga uliza sheria za unapofikia kabla hujafanya kitu ulichokizoea, maana mapenzi yako kwa mtoto polisi hayaoni.

Mimi ni mwanaume naomba usiniruke. Tupo Sweden, mke wangu anarudi kazini na mimi nachukua miezi sita ya kukaa na mtoto. Kazini hakuna aliyeshangaa. Ila kaka zangu nyumbani wakisikia wananiuliza nimekuwa yaya. Nakosa la kuwajibu.

Karibu sana kaka, barua za kina baba huwa nazisubiri.

Hapo ulipo ndo nchi ya kwanza duniani kugeuza likizo ya mama kuwa likizo ya wazazi wote wawili, mwaka 1974. Leo ni siku 480 kwa mtoto mmoja, na siku 90 ni za kila mzazi peke yake, baba asipozichukua zinapotea, mama hawezi kupewa. Walifanya hivyo makusudi, zamani wababa walikuwa wanamwachia mama zote. Sasa kaka zako wako kwenye sheria nyingine kabisa, Tanzania baba anapata siku 3, Uganda siku 4 za kazi, Kenya wiki mbili. Mtu aliyepewa siku tatu amzoee mwanawe saa ngapi?

Na usikubali kwamba ni mambo ya Wazungu. Kuna Waaka, watu wa msituni Afrika ya Kati, baba zao wamefanyiwa utafiti miaka mingi na wanajulikana kwa kubeba vichanga kifuani na kukaa nao karibu muda mrefu kuliko baba wa jamii nyingi zilizochunguzwa.

Ninachokuomba ni kimoja, siku ya kwanza mke akienda kazini asikuachie karatasi ya maelekezo na wewe usimpigie kila dakika kumi nepi ziko wapi. Anza wiki mbili kabla, yeye akiwepo, wewe ndo uamke, wewe ndo umwogeshe, mtoto ashike harufu yako. Kuna siku atalia saa nzima na hutajua kwa nini, mbebe tu utembee naye, mke wako pia hajui.

Na kaka zako wakipiga tena kuuliza unafanya nini saa hizi, washa vidio, waonyeshe jino limeanza kutoka.