Buabua wawili wa kishungi: nitawatofautishaje?

SWALI: Nikitazama baharini kwa darubini, huwaona buabua, wale ndege wa baharini, wenye kishungi cheusi kisogoni. Kitabu changu kinataja aina mbili, mkubwa na mdogo, zinazofanana mno. Je, ukubwa unatosha kuwatambua?

JIBU: Hautoshi, msomaji wetu. Buabua mkubwa wa kishungi kwa kawaida hufikia sentimita 46 hadi 49, na mdogo sentimita 35 hadi 43, lakini ndege anayepita peke yake juu ya maji hana wa kulinganishwa naye, na macho hudanganyika kwa urahisi. Rangi ya mgongo nayo isikupe uhakika, kwa sababu buabua mkubwa huwa na kijivu kilichokoza katika maeneo fulani na kilichofifia katika mengine.

Anza na mdomo. Wa buabua mkubwa ni wa manjano, mara nyingine wenye ukijani hafifu, mrefu na mzito, nao hupinda kidogo kuelekea chini. Wa mdogo ni mwembamba zaidi na una rangi ya chungwa. Hata hivyo, jua linapochomoza au kuzama hutia wekundu kila kitu, hata mdomo wa manjano ukafanana na chungwa, na ndiyo maana mimi binafsi siandiki jina la ndege kwa kutegemea rangi ya mdomo saa hizo.

Kisha tazama paji. Katika msimu wa kuzaliana, buabua mkubwa hubaki na ukanda mweupe kati ya mdomo na utosi mweusi, ilhali weusi wa mdogo hushuka hadi kwenye mdomo wenyewe. Msimu ukiisha, wote wawili huwa na paji jeupe, na hapo ndipo watazamaji wengi hukosea, kwa kuwa humwita kila mwenye paji jeupe buabua mkubwa.

Mruko nao husaidia: mkubwa hupiga mbawa polepole na kwa uzito, mdogo kwa wepesi na haraka zaidi.

Ukibaki na shaka, subiri maji yajae, kwani buabua hukusanyika kwenye mafungu ya mchanga yaliyobaki makavu, na wakisimama bega kwa bega tofauti ya kimo na ya mdomo huonekana waziwazi. Andika ulichokiona kabla ya kufungua kitabu, ili picha zake zisikuchagulie jibu.