Usifute Patisheni Kabla ya Kusoma Ujumbe

Jumamosi moja jioni shemeji yangu alifika kwangu Roysambu na laptopu chini ya kwapa. Ni zile za mtumba kutoka Uingereza, aliinunua Luthuli Avenue miaka miwili iliyopita. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na alitaka kuweka Windows 11. Mashine yenyewe ni Intel ya kizazi cha 8, kwa hiyo inafaa. Lakini kila alipochagua diski, programu ya kuweka Windows ilimwonyesha ujumbe wa kumkatalia. Fundi aliyempigia simu alimwambia, "Futa patisheni zote, uanze upya," yaani zile sehemu ambazo diski imegawanywa.

Humo ndani mlikuwa na picha za mazishi ya baba yao na hesabu zote za duka lake. Nakala nyingine hakuwa nayo. Nashukuru alipanda matatu kwanza.

Ujumbe wenyewe ulikuwa wazi: diski ina jedwali la MBR (mpango wa zamani wa kuonyesha mipaka ya patisheni), na kwenye mfumo wa EFI, yaani UEFI, njia ya kisasa ya kuwasha kompyuta, Windows huwekwa kwenye diski ya GPT (mpango mpya) pekee. Diski ilikuwa nzima kabisa. Aliyeweka Windows 10 zamani alitumia MBR, mpango wa tangu 1983 ambao hauruhusu zaidi ya patisheni kuu 4 wala hautumii nafasi iliyo zaidi ya TB 2. Flashi ya Windows 11 nayo ilikuwa imewaka kwa njia ya UEFI. Hilo ndilo tatizo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi, na watu wengi wanapoteza vitu vyao kwa sababu dawa ya kwanza wanayopewa ni kufuta.

Jedwali la MBR unaweza kuligeuza bila kufuta chochote. Kwanza chukua diski ya nje unakili faili zako. Sisi tuliichomoa diski ya laptopu tukaiunganisha na kompyuta yangu kwa kebo ya USB, na kunakili kukatuchukua saa mbili. Kisha, ukiwa kwenye ukurasa wa kuweka Windows, shikilia Shift ubonyeze F10. Dirisha jeusi litafunguka. Andika mbr2gpt /validate /disk:0 na usubiri jibu. Ikikubali, andika mbr2gpt /convert /disk:0. Zima mashine, ingia BIOS (mipangilio ya kuwasha mashine), badilisha iwake kwa UEFI. Windows ya zamani itawaka kama kawaida, na kutoka humo ndipo uendeshe setup (programu ya kuweka Windows 11) iliyo kwenye flashi, faili na programu zikibaki mahali pake. Ikikataa hatua ya kwanza, hesabu patisheni: zikizidi kuu 3, au kama fundi alikutengenezea sehemu ya D iliyo ndani ya patisheni ya ziada (extended), haitakubali mpaka uzipange upya.

Hiyo namba 0 usiiamini tu. Kabla ya amri hizo, kwenye dirisha lile lile andika diskpart, kisha list disk, utazame ukubwa wa kila diski. Diski ya GB 500 huonekana kama 465, ya TB 1 huonekana kama 931, na flashi yako pia imo kwenye orodha. Kama mashine ina diski mbili, mimi huchomoa ile isiyohusika kabla ya kuanza.

Kuna wakati orodha ya diski kwenye ukurasa wa kuweka Windows huwa tupu kabisa. Kwenye Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, mara nyingi ni VMD, teknolojia ya Intel ya kusimamia diski, inayoificha. Pakua draiva ya Intel RST (programu ndogo ya kuifanya Windows iione diski), iweke kwenye flashi, uichague hapo hapo. Usikimbilie kununua diski mpya.

Wanaotaka Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux, kando ya Windows, punguzeni patisheni mkiwa ndani ya Windows yenyewe. Zimeni kwanza ile njia ya kuwaka haraka (Fast Startup), kwa sababu huiacha diski katika hali ya usingizi na Linux hukataa kuigusa. Kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data ya diski, inafanya kazi, andikeni ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Na laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa msiipunguzie patisheni stima ikiwa inayumba. Ikikatika katikati ya kazi, hasara ni kubwa kuliko ujumbe wowote wa kukataliwa.

Umeshafuta? Acha hapo hapo. Jedwali ni kama ramani ya ploti: ukiichana, nyumba bado zimesimama, ila anayekuja kujenga haoni mipaka. Usifomati wala usiendelee kuweka Windows. Chomoa diski, iunganishe na kompyuta nyingine, utumie TestDisk, programu ya bure inayotafuta patisheni zilizopotea. Kwa diski za kuzunguka nimeona ikirudisha kila kitu. Kwa SSD, diski zisizo na sehemu inayozunguka, matumaini ni madogo, maana huweza kusafisha nafasi iliyofutwa yenyewe, kwa hiyo kila dakika inayobaki imewashwa inakugharimu.

Shemeji aliondoka saa nne usiku, Windows 11 ikiwaka na hesabu za duka zikifunguka. Jumatatu alinitumia picha ya diski ya nje aliyonunua.