Maswali na majibu: majengo ya mwaka 1989

Makala yangu iliyopita ilidai kwamba mwaka 1989 ulikuwa wa neema kwa wasanifu majengo. Wasomaji wameandika, na haya ndiyo maswali yao.

Kwa nini Wafaransa waliweka piramidi ya kioo mbele ya kasri la kale? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu ya mlango. Louvre lilikuwa kasri la wafalme kabla halijawa makumbusho, na wageni walihangaika kutafuta pa kuingilia. I. M. Pei, Mmarekani mzaliwa wa China, alichimba ukumbi chini ya ua na kuufunika kwa piramidi yenye kimo cha mita 21 na ushei, ili mwanga wa jua uwafikie walio chini. Rais François Mitterrand alikuwa amemkabidhi kazi hiyo bila mashindano, jambo lililozidisha zogo, hata mwaka 1985 umbo hilo likachorwa uani kwa nyaya tupu, kwa ukubwa wake halisi, ili watu wa Paris wajionee wenyewe kabla ya kulaani. Kinachonivutia zaidi ni kioo chenyewe. Kioo cha kawaida kikiwa kinene huwa na ukijani, kwa hiyo Pei alishikilia kwamba kitengenezwe kioo maalumu kisicho na rangi, mawe ya kasri yasije yakaonekana yameota ukungu. Na vipande vyake si 666 kama inavyovumishwa, ni 673.

Je, ni kweli kwamba tao kubwa la La Défense, mtaa wa maofisi kando ya Paris, limekaa kombo kwa makosa ya mafundi? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Chini yake hupita reli na barabara kuu, na misingi ilibidi isimame palipopatikana nafasi; ndiyo maana jengo limegeuzwa zaidi ya digrii 6. Mbunifu wake, Johan Otto von Spreckelsen wa Denmark, alifariki mwaka 1987, hivyo hakuushuhudia uzinduzi wa Julai 1989.

Tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo, ilikwenda kwa nani mwaka huo? (Msomaji, Arusha)

Kwa Frank Gehry, ambaye mwaka huohuo alikamilisha makumbusho ya Vitra, kampuni ya samani, huko Weil am Rhein, Ujerumani, jengo lake la kwanza barani Ulaya.

Unasifu majengo ya serikali tajiri tu. Wenye fedha kidogo walifanya nini? (Msomaji, Morogoro)

Umenikamata, na nakiri kwamba hapa ndipo ningepaswa kuanzia. Huko Ibaraki, Japani, Tadao Ando alijengea waumini wachache kanisa la zege lisilo na pambo, akapasua ukuta wa nyuma ya madhabahu kwa umbo la msalaba. Msalaba wenyewe ni mwanga wa nje. Mbao za majukwaa ya mafundi ziligeuzwa sakafu na mabenchi. Ando alitaka mpasuko huo ubaki wazi bila kioo, lakini baridi ya Japani haina mzaha, kikawekwa.

Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo ya mwaka huo nayo iliwatambua, pamoja na wengine, Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyowakopesha maskini wa vijijini fedha za kujenga nyumba: nguzo 4 za zege, bamba la choo na mabati ya kuezekea, kuta akazimalizia mwenye nyumba kwa alichonacho. Sharti lilikuwa kiwanja kiandikwe kwa jina la mkopaji, na wengi wa wakopaji walikuwa wanawake.