Mafunjo: kata bua, usiguse shina la chini

Barua nyingi safari hii zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na karibu zote zinauliza mmea uleule.

Jirani anasema ninachokata ni matete. Mimi nasema mafunjo. Nani mkweli? (Msomaji, Siaya)

Kata bua moja ulipapase. Bua la mafunjo lina pembe tatu, halina vifundo, na ndani limejaa nyama nyeupe ambayo ukiiminya inabonyea. Tete ni la mviringo, lina vifundo, na ndani ni tupu. Kwenu Wajaluo huyaita *togo*, kwa hiyo waulizeni wazee mmalize ubishi.

Nasuka mikeka ya mafunjo. Wa mwisho umeota kuvu kabla haujauzwa. (Mama wa Busia)

Pole, mama. Bua bichi limejaa maji, na ganda la nje hukauka upesi na kukudanganya huku kiini kingali kibichi. Lipasue kwa urefu, lianike juani na kuligeuza kila siku, kisha vunja kipande ujionee ndani. Chagua mabua yaliyokomaa, ambayo kichwa kimeshatawanya nyuzi zake. Machanga hunywea na mkeka unalegea. Siku ya kusuka, yanyunyizie maji kidogo tu yasipasuke.

Tunakata kila soko likiita. Sasa pale tunapokata panaota magugu mengine. (Kikundi cha vijana, Kisumu)

Mmevuna kuliko uwezo wa mmea. Mafunjo huchipua kutoka shina nene linalotambaa kwenye tope, na mabua ya kijani ndiyo yanayolijazia akiba. Mkirudi kabla halijajijenga, kila mavuno yatakuwa membamba kuliko yaliyotangulia. Ligaweni eneo, mkate kwa zamu, na kila sehemu ipumzike karibu mwaka mzima. Kateni juu ya maji. Moto ndio mbaya zaidi: maji yakiwa yamepungua unaunguza hata lile shina la chini. Ndani ya mafunjo ndimo kambare na kamongo wanamojificha, na katika vinamasi vya Yala yumo nzohe, swala wa majini, kwa hiyo wavuvi nao wana haki ya kuwagombeza.

Nataka kuyapanda kwenye kidimbwi cha maji machafu ya nyumbani. Nianze na mbegu? (Msomaji, Mwanza)

Mbegu ni ndogo mno, zitakuchosha. Tafuta kipande cha shina la chini chenye machipukizi, kizike kwenye tope lenye maji ya kufika kifundo cha mguu, mahali penye jua. Yakikolea hufika mita 4 au 5, basi yasiwe karibu na dirisha. Ni kweli hufyonza naitrojeni na fosforasi. Kinamasi cha Nakivubo huko Kampala kimepokea maji ya jiji miaka mingi kabla hayajaingia ziwani. Ila ukiyaacha mafunjo yaoze humohumo, uchafu unarudi majini. Lazima uvune. Na maji hayo si ya kunywa.

Mwanangu anasema mashua ya mafunjo imewahi kuvuka bahari. Ananidanganya? (Baba, Musoma)

Hakudanganyi. Thor Heyerdahl, Mnorwe, alijenga mashua ya mafunjo yaliyokatwa Ziwa Tana, Ethiopia, ambako wenyeji wana mitumbwi yao ya mafunjo iitwayo *tankwa*. Ra, ya 1969, ililegea na kuachwa baharini. Ra II, ya 1970, ilitoka Moroko ikafika Barbados. Mwambie tu asiijaribu na wenzake ziwani.

Ndago inayonimaliza shambani ni ndugu yake? (Mkulima, Morogoro)

Ndiyo, ukoo mmoja. Papasa bua lake, utazikuta pembe zilezile tatu. Huyu hana adabu. Vitunguu vyake vimeungana chini kwa nyuzi, na jembe likizikata kila kitunguu kinaota chenyewe. Ving'oe kwa uma udongo ukiwa na unyevu, uvianike juani vikauke kabisa, kisha panda kunde zinazotandaa upesi, maana ndago haipendi kivuli.