Usiizime hasira, iongoze

Ndugu yangu, umeuliza kama maadili ya Wagiriki wa kale yanamfaa mtu ambaye mwenzake kazini alijitwalia sifa za kazi yake, naye akamfokea, na sasa anataka asikasirike tena maishani. Nafundisha falsafa, na nakujibu kwa moyo wote: yanakufaa, ila hilo la mwisho usilitake.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeanzisha shule yake Athens mwaka 335 KK, alimsifu anayekasirika kwa sababu ya haki, na mtu anayestahili, kwa kiasi na wakati wake. Asiyekasirika hata akidhulumiwa alimwona ana kasoro.

Alitoa mfano wa kunyoosha mbao zilizopinda: unazivuta kwa nguvu upande wa pili. Wewe umepindia kwenye ukali, basi jivute kuelekea upole. Ule ujumbe unaotaka kuujibu saa tano usiku, andika jibu, usilitume, lisome asubuhi. Nimefanya hivyo miaka mingi, na majibu mengi nimeyafuta. (Machache niliyatuma yalivyo, yalistahili.)

Mwombe radhi mwenzako kwa kumfokea. Lakini dai lako kwamba kazi ile ni yako usiliondoe. Lilikuwa la haki.