nor-BNI ni ya kappa, mbona imezuia mofini?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko masters, nafanya majaribio ya maumivu kwa panya. Niliwachoma nor-BNI, dawa ya kuzuia kappa, moja ya risepta (vipokezi vya kwenye seli) ambazo dawa za jamii ya mofini hushikamana nazo, baada ya saa moja na nusu nikawapa mofini, na mofini haikufanya kazi vizuri. Je, niandike kwamba mofini inapitia risepta ya kappa? Na panya hao hao naweza kuwarudia wiki ijayo kama kontroli, yaani kundi la kulinganishia?

JIBU: Marahaba. Usiandike hivyo, tena hiyo sentensi ifute kabla msimamizi wako hajaiona. Mofini inapunguza maumivu kupitia mu, risepta nyingine ya jamii hiyo hiyo, na ulichokiona hapo ni nor-BNI yenyewe kuzuia mu, maana masaa ya mwanzo baada ya sindano inafanya hivyo, halafu taratibu hiyo ya mu inaisha na ya kappa inabaki, ndo maana wenye uzoefu wanachoma leo wanapima kesho. Saa moja na nusu ni mapema mno.

Najua utaniuliza, sasa hiyo selektiviti inayosifiwa, yaani kuchagua kappa na kuacha nyingine, iko wapi? Ipo, tena nzuri. Hii dawa ilitoka maabara ya mwanakemia Portoghese, Minnesota, 1987, wakachukua molekuli mbili za naltreksoni, dawa inayozuia risepta hizi za mofini, wakaziunganisha kwa pete ya pairoli ambayo haipindi. Nusu moja inaingia kwenye risepta kama naltreksoni ya kawaida. Ile nusu ya pili ndo yenye kazi ya kuchagua, naitrojeni yake ina chaji chanya na inashikana na asidi amino ya glutameti namba 297 ya kappa yenye chaji hasi. Mu pahala hapo hapo ina laisini, asidi amino nyingine yenye chaji chanya, chanya kwa chanya, zinasukumana. Ila hiyo inaonekana safi kwenye vipimo vya kushikamana na risepta ndani ya tyubu, ukija kwa mnyama mzima lazima uhesabu na muda.

Kuhusu kuwarudia wiki ijayo, hapana kabisa, dozi moja inazuia kappa kwa wiki kadhaa, tafiti za panya zimeona zaidi ya siku 21. Na wala haijagandia risepta moja kwa moja kama dawa nyingine, beta-FNA, inavyofanya kwa mu. Kwa nini inakaa hivyo watu bado wanabishana, kuna wanaosema inaamsha kimeng'enya cha JNK ndani ya seli na risepta inazimwa kwa muda mrefu, kuna wanaosema dawa yenyewe inabaki tu kwenye ubongo. Mimi sioni kwa nini visiwe vyote viwili.

Kwa hiyo rudia na panya wapya, kundi moja nor-BNI, lingine selaini (maji ya chumvi), wote wachomwe siku moja kabla. Kesho yake baadhi wape mofini, wengine U-50,488 ambayo ni agonisti ya kappa, yaani dawa inayoiamsha. U-50,488 ikigoma na mofini ikafanya kazi kama kawaida, hapo umezuia kappa peke yake. Zikigoma zote mbili, dozi yako ya nor-BNI ni kubwa, ishushe.